Kitenzi 'Pass' na Kitenzi 'Pita': Uwingi wa Maana katika Mpaka wa Busia na Malaba

Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyomtatiza mfasiri wa Kiswahili ni 'pass'. Kitenzi hiki hutumika kwa mtu apitaye njiani, mwanafunzi aliyefaulu mtihani, bunge linalopitisha sheria na mlaji anayempa mwenzake chumvi mezani. Kiswahili nacho kina 'pita'. Makala haya yanaonyesha kuwa vitenzi hivi hukutana katika maana ya msingi, lakini huachana katika namna ya kuzalisha maana nyingine. Mifano mingi inahusu Busia na Malaba, miji ya Kenya iliyo mpakani mwa Uganda, ambako kupita na kupitisha ni sehemu ya riziki ya kila siku.

Maana zinavyozaliwa

Kiingereza aghalabu hupanua maana kwa kukiandamanisha kitenzi na neno jingine: 'pass away' ni kufariki, 'pass out' ni kuzirai, 'pass on' huweza kuwa kupokeza. Kiswahili hutegemea zaidi unyambulishaji. Kutokana na mzizi -pit- hupatikana pitia, pitisha, pitana, pitwa, pitiwa na pitiliza. Mwanafunzi hupitia daftari lake. Aliyepitiwa na usingizi hakwenda popote. Mawazo hupitwa na wakati. Abiria aliyepitiliza kituo hulazimika kurudi nyuma. Mfasiri anayetafuta neno moja la Kiingereza kwa maumbo haya yote atapotoka.

Hata pale maneno yanapoonekana kulingana, tahadhari yahitajika. Wengi husema 'amepita mtihani', ilhali 'amefaulu' halina utata, kwa kuwa 'kupita mtihani' kwaweza pia kueleweka kuwa ni kuukwepa.

Kupita na kupitishwa

Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwezi wa Februari 2018. Chini ya mpango huo, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanywa mahali pamoja, katika nchi anayoingia msafiri. Kwa hiyo lori litokalo Kenya hupita kituo cha Kenya, kisha hupitishwa upande wa Uganda. Katika 'hupita', lori ndilo linalotenda. Katika 'hupitishwa', yupo mwenye mamlaka aliyeliruhusu, hata asipotajwa.

Kauli ya kutendea huleta swali jingine: 'Umepitia wapi?' Kwingineko hili ni swali la kawaida la msafiri kwa msafiri. Mpakani laweza kuwa tuhuma, kwani wapo wanaopitia njia za panya ili kuukwepa ushuru.

Utata mkubwa zaidi umo katika kauli ya kutendesha. Tuseme shahidi anaeleza mahakamani, 'Alipitisha sukari mpakani.' Je, mshtakiwa aliikamilishia forodhani taratibu zote, au aliivusha kwa magendo? Umbo 'pitisha' hubeba maana zote mbili: halali na haramu. Mkalimani akichagua kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kukamilisha taratibu za forodha, amemsafisha mshtakiwa. Akichagua chenye maana ya kufanya magendo, amemtia hatiani kabla ya hakimu kutoa uamuzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo hupungua uzito iwapo mkalimani hatambui utata wa kitenzi.

Suluhisho si kubuni neno jipya. Lugha tayari ina vijalizo vinavyobainisha: 'alipitisha kwa magendo', 'alipitisha forodhani', 'alipitisha baada ya kulipa ushuru'. Mahali ambapo msemaji hakuvitaja, mkalimani hana idhini ya kumwongezea. Wajibu wake ni kuiarifu mahakama kuwa kauli ina maana mbili, ili msemaji mwenyewe aulizwe.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba maana ya 'pita' haimo katika mzizi pekee, bali pia katika viambishi, maneno yanayoandamana nao na mahali pa mazungumzo. Kuvikariri visawe viwili viwili, Kiingereza huku na Kiswahili kule, hakumwandai mwanafunzi kwa kazi ya ukalimani. Inafaa mafunzo ya tafsiri yaanze na sentensi kamili zilizosemwa katika muktadha bayana. Mpakani, kiambishi kimoja chaweza kutenganisha mfanyabiashara na mhalifu.