Nyumba Iwe Darasa, Isiwe Maficho

Sifa njema zote anastahiki Allah (Subhaanahu Wataala), Ambaye ameumba watu kwa maumbile tofauti, na akawapa wazazi amana ya watoto wao wote bila kuwabagua.

Wanaoifahamu Mwanza wanajua kuwa nyumba zetu nyingi zimepanda milimani, zimeegemea mawe makubwa, na njia ya kuzifikia ni vidaraja vya mawe na vichochoro ambavyo kiti cha magurudumu hakipiti. Huko ndiko tunakoishi. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake imekakamaa, na maneno yake huyaelewa waliomzoea. Alipofika miaka saba, tulijiuliza ni nani atakayembeba kila siku kushuka na kupanda. Tukaamua asome nyumbani.

Tulianza na udhu. Mpangilio wake haubadiliki: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, masikio, kisha miguu. Mtoto aliyekuwa akisahau agizo la pili kabla ya kulimaliza la kwanza, baada ya miezi michache alianza kututangulia kutaja kiungo kinachofuata. Hesabu alijifunza kwa mafungu ya dagaa yaliyoletwa kutoka sokoni Kirumba: fungu hili kubwa, lile dogo, haya mawili pamoja ni mangapi. Tulijifunza nasi kuwa somo la robo saa lina faida kuliko la saa nzima. Kwamba kitu hushikwa kwa mkono kabla hakijaandikwa. Na kwamba kurudia mara kumi bila kukaripia ni sehemu ya kufundisha. Ratiba yetu tuliifungamanisha na swala tano, kwa kuwa adhana aliisikia na kuitambua.

Hata hivyo, pamoja na kheri hiyo, kosa liliingia polepole. Wageni walipobisha hodi, tulimpeleka chumba cha ndani. Tulijiambia kuwa tunamsitiri. Siku moja ustadhi wa madrasa alimuuliza mdogo wake wako watoto wangapi nyumbani. Akajibu: "Watatu." Sisi tuna watoto wanne. Ustadhi alipotusimulia kwa upole, hatukuwa na la kusema. Mtoto yule hakusema uongo. Alihesabu kama tulivyomfundisha kuhesabu.

Ndugu wazazi, sitara huwekwa juu ya aibu, na ulemavu si aibu. Sura ya 80 ya Qur'ani, Abasa, iliteremshwa kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), na ndani yake Allah alimzindua Mtume Wake (s.a.w.) juu ya kumgeuzia uso. Sahaba huyo baadaye alikuwa mwadhini, na Mtume alimwachia kuswalisha watu Madina alipokuwa safarini. Na Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za Tabiina, alikuwa kilema na mwenye jicho moja. Watu waliisafiria elimu yake.

Tunajua kuwa katika Kanda hii ya Ziwa wapo waliowaficha watoto wao kwa hofu ya kweli. Mashambulizi dhidi ya wenye ualbino yaliwafanya wazazi wafunge milango, na shule kama Mitindo, wilayani Misungwi, ikawa kimbilio la watoto hao. Hatuwalaumu. Lakini wasiokuwa na hofu hiyo, nasi tukiwemo, hatuna udhuru huo.

Pia nyumba haitoshelezi kila hitaji. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama pamoja na wenzake wa kuzungumza nao, na hayo hayapatikani kwa mama peke yake. Ndiyo maana zipo shule kama Mugeza Mseto, Bukoba. Mwenye ualbino anahitaji kofia, maandishi makubwa na nafasi ya mbele karibu na ubao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wetu haki ya kusoma katika shule za kawaida kama wengine. Kumfundisha nyumbani kusiwe njia ya kumpokonya haki hiyo. Mzazi aende kwa ofisa elimu na ustawi wa jamii wa halmashauri yake, aulize kilichopo, na mtoto aandikishwe ajulikane.

Leo, kila Jumamosi na Jumapili, vijana wawili wa msikiti wetu hupanda kumchukua mgongoni kwa zamu hadi madrasa. Hukaa safu ya mbele. Masomo ya nyumbani yanaendelea jioni, na mdogo wake ndiye mwalimu msaidizi. Wageni wakija, hutoa salamu yeye kwanza, na tunawasubirisha hadi aimalize.

Tunaziomba kamati za misikiti zifanye jambo moja jepesi: zihesabu. Katika kila mtaa, ni nyumba ipi yenye mtoto asiyeonekana madrasa? Mtoto huyo afuatwe mlangoni. Na sisi wazazi, tukiulizwa tuna watoto wangapi, tuwataje wote.

Wabillahi tawfiq.