Je, Wajua? Rimu ya Honda ya Zamani Katika Duka la Vipuri vya Bodaboda

Mmiliki wa Honda CG125 ya zamani mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, anapohitaji rimu, yaani mviringo wa chuma unaobeba tairi na kushikwa na spoku, si lazima aagize Japani, kwa kuwa pikipiki hiyo iliyoingia sokoni mwaka 1976 iliigwa baadaye na viwanda vingi vya China, na bodaboda nyingi ni vizazi vyake. Ugumu umo katika vipimo. Maandishi 1.85 × 18 yaliyogongwa kwenye rimu hutaja upana wa ndani na kipenyo kwa inchi, lakini inchi hizo 18, takriban milimita 457, huhesabiwa pale mdomo wa tairi unapokaa, hivyo anayepitisha futi kamba ukingo wa nje hupata zaidi na huenda akanunua rimu ya inchi 19. Idadi ya matundu nayo haina mjadala: rimu ya matundu 36 haifai kwa habu (kitovu cha gurudumu) ya spoku 40, iliyozoeleka katika pikipiki za zamani za Uingereza kama BSA. Hata idadi ikilingana, tundu lisiloelekea habu kwa pembe sahihi hupindisha spoku karibu na nati yake hadi ikatike. Fundi makini, kabla ya kulegeza spoku ya kwanza, hulaza rula juu ya habu na kuandika umbali uliopo hadi ukingo wa rimu, maana gurudumu likishafumuliwa kipimo hicho hupotea.