Maneno ya Mitaani Yanatoka Wapi?

Makutupora iko kaskazini ya mji wa Dodoma. Hapo kuna mashamba ya zabibu. Kuna visima vinavyopeleka maji mjini. Kuna pia kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wake hutoka mikoa mbalimbali ya nchi yetu. Kwa hiyo maneno mapya hufika Makutupora upesi. Vijana wa kambini huyaleta. Wachuuzi wa zabibu huyaleta. Makondakta wa mabasi nao huyaleta.

Maneno hayo huitwa maneno ya mitaani. Wazee wengine huyachukia. Husema ni maneno ya wahuni. Lakini hata mzee huyo, akitaka kununua chumvi, husema, "Sina hela." Je, neno hela limetoka wapi?

Zamani, wakati wa utawala wa Wajerumani, fedha ya nchi hii ilikuwa rupia. Rupia 1 ilikuwa na pesa 64. Neno pesa lilitoka Bara Hindi. Mwaka 1904 Wajerumani walibadili hesabu hiyo. Walileta sarafu mpya, na kwa Kijerumani iliitwa Heller. Heller 100 zilikuwa rupia 1. Watu wakatamka hela. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu hizo zilitengenezwa hata hapa nchini, mjini Tabora. Kisha Wajerumani wakashindwa vita, na sarafu zao zikaondoka. Neno likabaki. Leo tunasema hela kila siku, nasi hatujapata kuiona hela hata moja.

Sasa tutazame neno daladala. Zamani mabasi ya mjini Dar es Salaam yalikuwa ya shirika la UDA. Mabasi hayo hayakutosha, na watu walichelewa kazini. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kupakia abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5. Wakati huo sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, kutokana na dola ya Marekani. Basi kondakta alisimama mlangoni akiita, "Dala! Dala!" Maana yake ni shilingi tano tano. Leo hakuna safari ya shilingi 5, lakini magari hayo bado ni daladala, hata Dodoma.

Noti nazo hupewa majina. Noti ya shilingi 10,000 ni nyekundu. Timu ya Simba huvaa nyekundu, na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kwa hiyo vijana wanaiita noti hiyo msimbazi. Nadhani hata mashabiki wa Yanga hawaikatai wakipewa! Shilingi 1,000 huitwa buku. Shilingi 500 huitwa jero. Sarafu ya shilingi 500 ilipoanza kutumika mwaka 2014, jina la jero lilihama kutoka kwenye noti likaingia kwenye sarafu.

Mkulima anahitaji kuyajua majina haya. Tuseme mchuuzi amefika shambani wakati wa mavuno ya zabibu.

"Mbukwa, mama! Kilo moja nakupa buku jero."

"Mwanangu, buku jero ndiyo shilingi ngapi?"

"Elfu moja na mia tano, mama."

Mama huyo afungue daftari lake, aandike 1,500 mbele ya mchuuzi. Ana kilo 40. Basi 40 mara 1,500 ni shilingi 60,000, yaani misimbazi sita. Asipoandika, jioni mchuuzi anaweza kusema, "Mama, mimi nilisema buku tu." Hapo mama atapewa shilingi 40,000. Shilingi 20,000 zitakuwa zimepotea kwa ajili ya neno moja.

Liko neno jingine ambalo limewapunja wakulima zaidi. Neno hilo ni lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa mazao juu kama kilemba, likashonwa kwa kamba. Mchuuzi hulipa bei ya gunia moja, lakini huondoka na gunia moja na zaidi. Kile kilemba hakilipiwi. Mkulima mwenye magunia kumi hutoa vilemba kumi bure, na hivyo ni chakula cha watoto wake.

Serikali imekataza lumbesa. Gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wanaosimamia jambo hili ni Wakala wa Vipimo. Mchuuzi akikuambia, "Jaza lumbesa," mwulize ni kilo ngapi. Leteni mizani. Andika kilo zilizopimwa, andika bei ya kilo moja, kisha zidisha.