Jamaa Wanapokusudia Safari ya Thelujini

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia, wazazi wa wanafunzi wetu katika mji huu wa Uingereza huanza kushauriana habari za safari. Zamani shauri lilikuwa moja tu: nani atakwenda pwani kuwaona wazee. Siku hizi vijana wameleta jingine. Wataka kwenda katika milima ya Ulaya kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani zile mbao mbili nyembamba zifungwazo viatuni. Hatuoni ubaya katika jambo hilo. Ni mazoezi ya mwili, na aliyeiona milima ile asubuhi ya jua hawezi kuisahau. Lakini tumeona kwa macho yetu jinsi safari ya namna hii iwezavyo kuharibika hata kabla watu hawajafunga mizigo.

Safari yetu ya kwanza tulikuwa watu 14. Vijana watatu walijua kuteleza vizuri. Sisi wengine, tangu watoto wa miaka saba hata Bi Mkubwa mmoja wa miaka 65, hatukupata kukanyaga theluji ila ile ya barabarani. Nani aliyechagua mahali? Wale watatu, maadamu ndio waliojua. Nao wakachagua mlima uliowafaa wao. Siku ya pili wakamchukua ndugu yetu mmoja, mtu mzima mwenye nguvu, wakampandisha juu kabisa, wakimwambia, "Twende tu, Mjomba, utajifunza huku unashuka." Alipofika akakuta njia zote za kuteremkia ni nyekundu na nyeusi. Akaanguka mara nyingi, na mara ya mwisho mguu ukapinda lakini skii haikufunguka. Miezi mitano alitembea kwa fimbo.

Hatuwalaumu vijana peke yao. Sisi ndio tuliowekwa kuwa wakuu wa msafara, nasi tulinyamaza kwa kuona haya kwamba hatukijui kitu chenyewe. Na kila siku twawafundisha watoto kwamba imamu hufupisha kisomo kwa ajili ya mgonjwa na mzee aliye nyuma yake!

Basi na tuzieleze hizo rangi, kwa kuwa ndizo zinazomfaa mpangaji kuliko picha zote za hoteli. Nchini Austria njia za kuteremkia hutiwa alama ya buluu kwa nyepesi, nyekundu kwa za wastani, na nyeusi kwa ngumu. Ufaransa wameongeza ya kijani, nyepesi kuliko buluu. Mwenye kupanga safari ya watu wenye uwezo mbalimbali asiulize, "Je, ziko njia za buluu?" Ziko karibu kila mahali. Aulize ziko wapi, na mtu akizifikia atarudi vipi nyumbani. Pengine njia ya buluu iko juu mlimani, nayo ya kushukia mjini ni nyeusi. Hapo asiyejua hana budi kurudi kwa kile kibanda kinachovutwa kwa waya. Kurudi hivyo si aibu, ila yafaa ajue mapema kibanda cha mwisho huondoka saa ngapi.

Jambo la pili ni mwalimu. Hannes Schneider alianza kufundisha skii mwaka 1907 katika kijiji cha St. Anton, kwenye milima ya Arlberg nchini Austria, na shule aliyoiendesha baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilipata sifa kwa kuwagawa wanafunzi katika madarasa kwa kadiri ya ujuzi wao. Sisi watu wa madrasa tulipaswa kulielewa hilo kabla ya wengine wote, kwani mtoto hafunguliwi Msahafu asipoijua alifu. Alifu ya skii ni kuanguka, kuinuka, na kusimama. Mwanafunzi huzikutanisha ncha za mbele za skii na kuzitanua za nyuma, zikawa mfano wa kabari, na hiyo kabari ndiyo breki yake. Asiyeweza kusimama kwa kabari mahali padogo pa tambarare asipandishwe popote, ajapobembelezwa na nduguze. Tena mwalimu asiwe jamaa. Mume akimfundisha mke, au kaka dada yake, kwa kawaida jioni hawasemezani.

Ama vifaa, vya kukodi vyatosha. Viatu viubane mguu bila kuutesa, na soksi iwe jozi moja. Wanaovaa mbili kwa kuogopa baridi huumia zaidi. Lakini la hatari ni vifungio. Fundi huvipima kwa uzito, kimo, umri na ujuzi wa mtu, ili skii ifunguke yenyewe mtu akianguka. Ndugu yetu yule, kwa kuwa vijana walikuwa wamesimama karibu, alimwambia fundi kwamba amezoea. Fundi akavikaza kama vya mtu aliyezoea. Goti lake ndilo lililolipa uongo ule.

Bima nayo isomwe neno kwa neno: itaje michezo ya theluji na uokozi wa mlimani. Kadi ya afya ya Uingereza haiulipii uokozi huo, na huko Austria helikopta ikimchukua aliyeumia mchezoni, hati ya malipo humfuata mwenyewe. Italia, tangu mwaka 2022, kila mtelezaji hulazimika kuwa na bima ya kufidia madhara atakayowafanyia wengine.

Miaka miwili baadaye tulikwenda tena, jamaa wale wale, na safari hii tulichagua kwa ajili ya Bi Mkubwa na watoto. Tulikwenda Zell am See, Austria, mji ulio kando ya ziwa, unaofikiwa kwa gari-moshi. Wageni wengi wa nchi za Ghuba huutembelea, kwa hiyo chakula cha halali hakikututaabisha. Juu yake uko mlima Schmittenhöhe, mita 1,965, ambao hata asiyeteleza hufika kileleni kwa waya. Kwa jirani, Kaprun, kuna barafu ya Kitzsteinhorn, ambako waya hufika mita 3,029. Huko wale watatu walikata kiu yao. Tulikwenda Januari, shule zilipotupa ruhusa, kwa kuwa likizo ya Februari hujaa watu na bei hupanda. Watakaopanga mwaka 2027 na 2028 waangalie pia kwamba Ramadhani yatarajiwa kuangukia Februari kwa siku nyingi.

Asubuhi kila kundi lilikwenda njia yake: wanaoanza kwa mwalimu, wajuzi mlimani. Adhuhuri wote tulikutana mahali pamoja panapofikiwa hata kwa miguu. Januari jua huzama mapema, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri huingia zote watu wakiwa mlimani. Tulizikusanya kama wasafiri, tukala, na aliyechoka akarudi na Bi Mkubwa bila kuulizwa sababu. Jambo hilo liwekwe wazi tangu nyumbani, kwani magoti yaliyochoka hayamtii mwenyewe, na mwenye kuona haya hatasema.

Tulifundishwa pia adabu za njiani, zilizowekwa na shirikisho la skii la dunia mwaka 1967. Anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele, na anayetaka kusimama asimame pembeni, si katikati wala penye wembamba.

Siku ya tano ndugu yetu yule alishuka njia ya buluu tangu juu hata chini kwa kabari yake, polepole, watoto wakimpita kulia na kushoto. Vijana watatu walikuwa chini wakimngoja. Walikuwa wamesimama pembeni.