Baada ya Kupasuliwa Ngiri

Wengi wenu mliniuliza kwa nini muhula uliopita sikucheza mpira wala kushika jembe katika shamba la shule. Wengine walisema mimi ni mvivu. Leo nataka kuwaeleza sababu, maana huenda yupo mwenzetu anayeficha maradhi haya kwa kuona aibu.

Ngiri ni uwazi katika ukuta wa nyama za tumbo. Utumbo hupenya hapo, na uvimbe huonekana kinenani, hasa mtu akikohoa au akiinua mzigo. Dawa ya kunywa haizibi uwazi huo. Daktari hupasua, huurudisha utumbo mahali pake, kisha hushona. Watu wazima mara nyingi hutiwa na kiraka cha wavu. Mwaka 2016 lilitangazwa jaribio lililofanywa Kamuli, hapa Uganda, kwa wanaume 302: wavu wa kitambaa cha chandarua, uliosafishwa kihospitali, ulifaa kama ule wa bei kubwa.

Mimi nilipasuliwa asubuhi, na jioni muuguzi akanitembeza, ili damu isigande miguuni. Alinifundisha kubana mto juu ya kidonda nikikohoa, kuinuka kitandani kwa ubavu, na kula mboga, maharagwe na papai pamoja na maji mengi, nisipate kujikamua chooni.

Baada ya siku 10 kidonda kilikauka, nikajiona nimepona. Baba yetu hayupo, na mimi ndimi mkubwa; niliona haya kuwatazama wadogo zangu wakibeba maji. Siku ya 14 nikainua dumu la lita 20. Maumivu yakanichoma kama moto, nikakaa chini. Mama akanirudisha hospitali. Daktari akanipima, akaona nyuzi zimeshika.

“Mwanangu,” akasema, “ngozi hutangulia kupona, nyama ya ndani hukawia. Dumu lile ni kilo 20. Ngoja wiki 6.”

Nikangoja. Nilitembea uani, kisha nikaenda shule polepole. Wiki 6 zilipotimia daktari akaniruhusu jembe, baadaye mpira.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au uvimbe ukirudi na mtu akatapika, asingoje kesho. Aende hospitali siku ile ile. Nanyi ndugu wa nyumbani, kumbukeni kwamba mgonjwa anayetembea bado hajapona. Anayembebea maji naye anamuuguza.