Nambari ya Shataranji na Riba ya Maradufu

Katika Suratu Aal Imran, aya ya 130, Mwenyezi Mungu (s.w.) amewakataza waumini kula riba inayozidishwa maradufu kwa maradufu. Wapo wanaoichukua aya hii wakadai kuwa iliyoharamishwa ni riba kubwa tu, na kwamba asilimia kidogo haina ubaya. Kabla ya kuwajibu, tuitazame nambari moja iliyowashughulisha wanavyuoni wetu wa zamani.

Ibn Khallikan (aliyefariki mwaka 681 H./1282) ameeleza katika Wafayat al-A'yan kisa cha Sissa bin Dahir, aliyemtungia mfalme wa Kihindi mchezo wa shataranji. Alipoambiwa achague zawadi, aliomba ngano: punje 1 katika nyumba ya kwanza ya ubao, 2 katika ya pili, 4 katika ya tatu, na hivyo hivyo hadi nyumba ya 64. Mfalme akaliona ombi hilo dogo. Ibn Khallikan mwenyewe alikuwa na shaka, mpaka mhasibu mmoja wa Iskandaria alipomwonyesha hesabu yake. (Hatujadili hapa hukumu ya mchezo huo, wanavyuoni wamehitilafiana juu yake.)

Jumla ya punje zote ni 18,446,744,073,709,551,615.

Abu Rayhan al-Biruni aliipata jumla hii kiasi cha mwaka 390 H. (1000), bila ya kujumlisha nyumba moja moja. Njia yake ni kuizidisha nambari kwa nafsi yake. Nyumba ya 5 ina 16. Mara 16 ni 256, iliyo katika nyumba ya 9. Mara 256 ni 65,536, ya nyumba ya 17. Tena tunapata 4,294,967,296, ya nyumba ya 33. Mara ya mwisho tunafika nyumba ya 65, ambayo haimo ubaoni. Na kwa kuwa kila nyumba inazizidi kwa 1 zote zilizoitangulia (1 + 2 + 4 ni 7, na inayofuata ni 8), tukitoa 1 tunapata jumla ya nyumba 64.

Nambari hii inagawanyika sawasawa kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ukiangalia, kila kigawanyo kimezidi kwa 1 hatua mojawapo ya safari ile: 2, 4, 16, 256 na 65,536.

Sasa turejee kwenye riba. At-Tabari amepokea maelezo ya Zayd bin Aslam kuwa katika zama za Jahiliyya, mdaiwa wa 100 akishindwa kulipa, deni huwa 200 mwaka unaofuata, kisha 400. Ni mwendo ule ule wa ubao. Kwa mwendo huo, baada ya miaka 10 deni la 100 huwa 102,400.

Na asilimia kidogo je? Asilimia 10 kwa mwaka, ikiongezwa juu ya deni na kutozwa tena, hulipitisha deni maradufu mwishoni mwa mwaka wa 8. Njia ni ile ile. Tofauti ni kasi.

Kwa hiyo wanavyuoni wamesema kuwa neno "maradufu" limetaja ada ya watu wa zama zile, wala si sharti la uharamu. Suratul Baqara, aya ya 278 na 279, imekata shauri: mkopeshaji ana haki ya rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe.

Ndugu msomaji, mfalme alidanganywa na udogo wa punje ya kwanza. Tusidanganyike na udogo wa asilimia.

Wallahu a'alam.