Je, Wajua? Mpanda Ngamia Asiye na Damu

Je, wajua kwamba nchi za Ghuba zimekuwa zikitumia watu bandia kwa zaidi ya miaka 20 sasa? Msomaji wa Maskati akitaka kuwaona hahitaji tiketi ya sinema. Aende tu uwanja wa Al Fulaij, wilaya ya Barka, siku ya mbio za ngamia.

Mgongoni mwa kila ngamia amefungwa mpandaji mdogo asiye na miguu, uzito wake kilo mbili tatu, kavishwa nguo ya rangi za mwenye mnyama. Ndani ya nguo hiyo mna mota, mara nyingi iliyotolewa kwenye drili ya betri, na kazi yake ni kuzungusha kiboko. Ngamia wakishaachiwa, magari nayo yanaondoka, yanakimbia sambamba nao kando ya uwanja huku vumbi likitimka. Mwenye ngamia ana rimoti mkononi. Akibonyeza, kiboko kinapiga. Akitaka kumhimiza mnyama wake kwa maneno, anasema kwenye redio ya mkononi, na sauti yake inatokea pale pale mgongoni, karibu na masikio ya ngamia.

Je, wajua ni nani aliyekuwa akikaa pale kabla ya mashine? Mtoto. Watoto wa Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, wengine hawajafika hata umri wa kuanza shule, walipelekwa Ghuba kwa sababu ni wepesi, na walinyimwa chakula ili wasinenepe. Walianguka, walivunjika, wengine walikufa. Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku wapandaji walio chini ya miaka 18, na kwa msaada wa UNICEF watoto zaidi ya 1,000 walirudishwa makwao. Qatar nayo iliiagiza kampuni ya Uswisi, K-Team, itengeneze mpandaji wa chuma. Yule wa kwanza alikuwa mzito mno, karibu kilo 27, na ngamia walimwogopa. Ndipo alipovishwa kofia na miwani ya jua, akapakwa na manukato waliyozoea kupakwa watoto, ili mnyama adhani ni mtu.

Sijui mashine nyingine iliyochukua kazi ya mtu nikashukuru kama hii. Ila ngamia mwenyewe hakusalimika: mwaka 2011 polisi wa Dubai waliwakamata watu waliokuwa wakiuza roboti zenye vifaa vya kupigia shoti ya umeme vilivyofichwa ndani.

Na asidhani mtu kwamba Waomani wameacha kupanda. Katika maonyesho ya ardha, wapandaji wawili huwakimbiza ngamia wao bega kwa bega, kisha husimama wima juu ya migongo yao wakiwa wameshikana. UNESCO iliiingiza ardha ya farasi na ngamia ya Oman katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018, na mbio za ngamia zikafuata mwaka 2020.

Je, wajua kwamba roboti Sophia, aliyetengenezwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, alitangaziwa uraia wa Saudia jijini Riyadh Oktoba 2017? Ilikuwa kwenye mkutano wa wawekezaji. Mamilioni ya wageni wanaojenga, wanaofua na wanaolea watoto katika nchi za Ghuba, wakiwemo dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, huzeeka wakiwa na kibali cha ukaazi tu. Mwanasesere wa kampuni kutangulizwa mbele yao ni jambo linaloniuma.

Je, wajua kwamba kampuni inayouza watu bandia ilibuniwa miaka zaidi ya 100 iliyopita? Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek aliiandika katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920. Jina hilo ni kifupi cha jina la kampuni yenyewe. Roboti zake hazikuwa za chuma, zilikuwa na mwili kama wetu, na mwishowe ziliasi.

Kampuni za leo nazo zina siri yao. Kijana wa Ruwi, Maskati, akiiuliza programu ya akili mnemba ya kampuni ya OpenAI swali lolote, adabu ya jibu analopewa ina jasho la Nairobi ndani yake. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa Kenya, kupitia kampuni ya Sama, walivyosoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa watoto, wakiyawekea alama ili mfumo wa OpenAI ujifunze kuyatambua. Walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Huku pia mtu yupo pale pale penye mashine, ila hakuondolewa kama yule mtoto wa mbio; amefichwa.

Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba wachujaji wa maudhui waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya Meta wanaweza kuishtaki kampuni hiyo huko huko Kenya, hata kama makao yake makuu yako California.